Ombi Fupi la Mama Yako

Kangemi, Jumamosi, saa kumi alasiri

Mwanangu Nekesa,

Zamani barua zetu zilianza kwa "natumai u mzima kama mimi nilivyo mzima." Leo sina haja ya kutumai. Nimekuona kwa macho yangu ukitoka langoni na rafiki yako Akinyi, mzima kabisa, umevaa sweta yangu ya kahawia ambayo nimeitafuta tangu Jumatano. Mmeenda Adams Arcade kutafuta gambuti za matope. Najua mtapitia chipsi. Najua pia Akinyi atakulazimisha ujaribu viatu vyenye visigino ambavyo havina kazi yoyote huko Sudan ya Kusini unakoenda kufundisha, na mtacheka mpaka mwenye duka achoke. Kwa hivyo nina saa mbili, labda tatu, na daftari hili lako la zamani la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma hukuzimaliza.

Kuandika si kazi yangu. Mimi ni fundi wa rangi, niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea brashi ya inchi nne. Ukiona mistari imepanda mlima, usishangae. Lakini kuna jambo nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu Jumanne, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia uchemshe maji, wala ulale ndani ya neti, wala usitembee peku. Hayo shangazi yako amekwambia mara tisa, na mara ya kumi atakwambia kesho mbele ya watu. Mungu ambariki. Jana pale posho mill nilicheka vile sijacheka siku nyingi. Ile ndege ndogo ya misheni haikubali zaidi ya kilo ishirini kwa mtu mmoja, na sisi hatuna mizani, basi tukabeba begi lako mpaka kwa jirani anayesaga unga, akalitundika kwenye ndoano yake ya magunia.

"Kilo thelathini na moja," akasema. "Madam, unahama ama unaenda kufundisha?"

"Toeni vitabu," shangazi yako akasema.

"Shangazi, mimi ni mwalimu."

"Najua. Toa vitabu, acha omena."

"Kwani naenda kuuza samaki?"

"Mwalimu mwenye njaa atafundisha nini? Hata a, e, i, o, u hutafika. Utakwama kwa i."

Ukakaa juu ya gunia la mahindi ukicheka, na unga ukakuchafua sketi yote. Tukatoa Biblia mbili kati ya tatu ulizozawadiwa, tukatoa blanketi, tukatoa pasi, na mwishowe omena ikabaki kwa sababu shangazi yako aliishikilia kama mtoto mchanga. Kilo ishirini na nusu. Jirani akasema hiyo nusu ni ya ndoano.

Lakini tulipokuwa tunarudi hukucheka. Ulishika mkono mmoja wa begi, mimi nikashika wa pili, na nikaona vidole vyako. Tangu ukiwa mdogo, ukiwa na jambo, unakunja kidole gumba ndani ya vile vingine. Mama yako ndiye aliyekigundua kwanza. Aliniambia, "Huyu mtoto hasemi, lakini ukitaka habari uliza kidole gumba."

Na mimi nilikuwa tayari najua habari yenyewe. Naungama sasa: niliwasikia.

Jumanne mchana nilikuwa nyuma ya nyumba nakwangua dirisha la jikoni, kwa sababu nilitaka lipakwe kabla wageni wa kesho hawajafika. Wewe na Akinyi mlikuwa upande ule mwingine mnaanika nguo. Hamkujua niko hapo. Nilikuwa nimepumzisha kile chuma cha kukwangulia, na kusema kweli ningeweza kukohoa. Sikukohoa.

"Macho yako yamefura kama mandazi," Akinyi akasema. "Kwani hulali?"

"Silali. Naogopa, Akinyi. Nikifunga macho naona watoto themanini wananiangalia na sijui neno moja la lugha yao. Halafu nafikiria kama vita itarudi."

"Si umwambie baba yako?"

"Nimwambie nini? Mzee alishasimama kanisani akasema binti yake haogopi kitu. Watu wakapiga makofi. Sasa nianze kuogopa leo?"

"Basi ogopa polepole," Akinyi akasema, na mkacheka nyote wawili, na maji ya nguo yakanirukia hata mimi.

Mimi sikucheka. Nilibaki pale na chuma changu mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Maneno kama hayo yako nilikuwa nimeyasikia mara moja, miaka minane iliyopita, kutoka kwa mdomo wa mama yako.

Wewe ulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na hujui habari yote. Hujaniuliza, nami sijakueleza. Unajua mama yako aliugua, unajua alikufa Novemba, na unajua kwamba ulipokuja likizo ya Agosti ulimkuta amekonda na barua zetu zote zilikuwa zimesema "mama anaendelea vizuri." Nilikuona ukizitoa zile barua kwenye sanduku lako la shule ukazisoma tena, moja baada ya nyingine, ukiwa umekaa sakafuni. Nilitazama kidole gumba chako nikatoka nje.

Ilikuwa hivi. Ule uvimbe wa tumboni ulipoanza, tulienda hospitali moja huko Parklands, wakampima, wakampa tarehe ya kurudi. Kabla ya tarehe hiyo kulikuwa na maombi ya Ijumaa pale kanisani. Walimwombea mama yako. Jumamosi aliamka akala ugali wote na kuosha nyumba nzima huku akiimba. Nekesa, nilikuwa na furaha mpaka nikasahau akili. Jumapili Mchungaji alipouliza kama kuna mtu mwenye ushuhuda, mimi, mzee wa kanisa, niliruka kabla hajamaliza. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema Bwana asifiwe, mke wangu amepona. Nikasema hatutarudi tena kwa madaktari, maana Daktari mkuu ameshatutembelea. Kina mama wakapiga vigelegele, na mama yako akasimama akapunga mkono. Alikuwa amevaa kile kitambaa chake cha kichwa cha kijani. Nilifikiri alikuwa analia kwa furaha.

Hakurudi ile tarehe. Angerudije? Nusu ya watu wa kanisa letu hushukia kituo kile kile cha hospitali wakienda kazini, na yeye mwenyewe alikuwa mpishi wa shule ya chekechea mtaa ule ule wa hospitali. Angeonekana. Basi maumivu yaliporudi, na yalirudi Jumatatu ile ile, akayanyamazia. Akafungulia mfereji wa bafuni ili nisimsikie akitapika. Akahamisha beseni chini ya kitanda upande wake. Na mimi, mume wake, mtu ambaye anaweza kuingia nyumbani kwa mtu na kwa harufu tu akakwambia ukuta upi una unyevu, sikunusa kitu kwangu mwenyewe kwa miezi mitano.

Siku aliyoniambia alikuwa anachambua maharagwe. Hakulia. Aliniambia kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Baba Nekesa, mimi ni mgonjwa."

"Tangu lini?"

"Wewe uliniponya Jumapili. Mimi nikaugua tena Jumatatu. Sasa ningefanya nini? Nilikuonea haya."

"Ulinionea haya mimi?"

"Watu walikuwa wamepiga vigelegele," akasema. "Nilifikiri labda nikinyamaza nitakuwa nimepona kweli."

Tulirudi hospitali kesho yake. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, alinivuta kando akaniambia kwamba hata tungewahi, huenda mambo yangekuwa yale yale. Mpaka leo sijui kama alisema ukweli au alinihurumia. Nimeamua kutolijua hilo. Ni jambo la Mungu, na Mungu na mimi tumelizungumza mara nyingi, nyingine kwa sauti ya juu.

Sikuandikii haya ili uingie ndege ukilia. Ningekuwa baba mbaya, na tena shangazi yako angenipiga na ile omena. Nakuandikia kwa sababu ya miezi iliyofuata, ambayo hukuiona kwa kuwa nyingi ulikuwa shuleni, na ambayo ni kati ya miezi mizuri ya maisha yangu. Utashangaa. Lakini baada ya kuniambia, mama yako alipata nafuu ya aina yake. Uso wake ulifunguka. Alianza kunitania tena. Nilipoimba jikoni alisema, "Punguza, malaika wanashindana kuziba masikio." Alinituma nimletee miwa kutoka stendi, akaitafuna akiwa kitandani na kutupa makapi dirishani kama mtoto wa shule.

Na akabadilisha jinsi ya kuomba. Unakumbuka mama yako alivyokuwa anaomba zamani, chai ikapoa, wali ukapoa, wewe ukalala mezani. Sasa maombi yake yakawa mafupi. Jioni angefumba macho na kusema, "Bwana, leo ni mbaya. Amina." Basi. Siku nyingine, "Bwana, leo chai ilikuwa nzuri. Amina." Mara ya kwanza nilingoja, nikidhani anapumua aendelee. Akafungua jicho moja.

"Nimemaliza. Unangoja nini?"

"Hujaomba kitu."

"Nimemwambia. Yeye si mgeni."

Mimi nilikuwa nimeokoka miaka ishirini wakati huo. Nilikuwa nimeongoza maombi ya mikesha, nimefunga siku saba, najua zaburi nyingi kwa moyo. Na sikuwahi hata siku moja kumwambia Mungu kwamba leo ni mbaya. Niliogopa kumwaibisha. Nilidhani ni lazima nimpambe mbele ya watu kama nilivyopamba nyumba za wenyewe. Mama yako alimwamini kiasi cha kumwambia habari jinsi ilivyo, kama anavyoambiwa mtu wa nyumbani. Usiku wa mwisho tulikuwa wawili tu. Akasema, "Bwana, leo nimechoka, lakini Baba Nekesa yuko hapa. Amina." Nimeishi na ombi hilo miaka minane. Halijaisha.

Nakumbuka kazi moja niliyofanya Westlands, kabla hujazaliwa. Ilikuwa ofisi mpya, na mwenyewe alitaka iwe tayari siku ya ufunguzi. Ukuta mmoja ulikuwa na unyevu. Niliujua kwa kuugusa tu. Ulitaka wiki mbili za kukauka na siku hazikuwepo, basi nikaupaka hivyo hivyo, rangi ya maziwa, makoti matatu, tabaka juu ya tabaka. Siku ya ufunguzi ulipendeza kuliko kuta zote, hata mgeni wa heshima aliupiga picha. Mvua za masika zilipoingia, ule ukuta ukatoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Nilirudi nikakwangua wiki nzima. Nilirudi nyumbani mweupe kichwani kama mzee wa miaka mia, na mama yako akanitazama pale mlangoni akasema, "Pole, fundi. Ukuta haukuwa na imani."

Alinikumbusha utani huo akiwa kitandani. Alisema, "Na mimi ulinipaka makoti matatu." Tukacheka mpaka nikalazimika kumshika mgongo.

Kwa hivyo ungetarajia kwamba mimi, baada ya kufundishwa somo kubwa namna hiyo, nimelielewa. Halafu mwezi uliopita Mchungaji akatangaza kwamba umekubaliwa kwenda kufundisha Sudan ya Kusini miaka miwili, akanipa kipaza sauti, na baba yako akasema nini? "Binti yangu haogopi kitu." Nekesa, sikuwa nimekuuliza. Nilikuwa na furaha, na nikiwa na furaha mimi ni mtu wa hatari.

Nisamehe. Hilo ndilo nimeshindwa kusema tangu Jumanne.

Sasa nikueleze habari ya mwalimu mmoja, kisha nitakuacha. Nilipokuwa darasa la sita huko nyumbani, tulikuwa na mmishonari mwanamke aliyetoka nchi ya theluji. Tulimwita Misi. Alitufundisha Kiingereza na habari za Biblia, na alikuwa mwema, lakini alitabasamu wakati wote. Mvua ikivuja juu ya meza yake, anatabasamu. Tukikosa swali, anatabasamu. Tulifikiri nyuso za watu wa kwao zimetengenezwa hivyo. Hatukumwuliza lolote. Mimi nilijua moyoni kwamba Mungu wake ni wa watu wasiolia, kwa hivyo hawezi kuwa wetu.

Siku moja akapokea barua tukiwa darasani. Aliisoma akiwa amesimama dirishani, kisha akaja akakaa kwenye benchi letu, katikati ya watoto, akalia. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Baba yangu amekufa. Mimi siko huko." Hatukujua la kufanya. Msichana mmoja, Ayuma, akaenda kumletea maji kwa kikombe cha bati. Mwingine akaanza ule wimbo wa matanga wa kwetu, na sisi sote tukaingia, watoto arobaini, tukimwimbia baba wa mtu ambaye hatujawahi kumwona. Misi hakuelewa neno hata moja. Alishika mkono wa Ayuma mpaka kengele ikalia.

Kuanzia siku hiyo tulianza kumwuliza maswali. Mimi mwenyewe nilimwuliza kama Mungu anasikia Kiluhya. Siku ile nilianza kuamini, ingawa yeye labda alifikiri ilikuwa siku yake mbaya kuliko zote. Yale masomo yake yote nimeyasahau. Hata lile la Yona ndani ya samaki nilifundishwa upya na mama yako.

Sasa wewe ndiwe Misi. Hicho ni kichekesho cha Mungu, mtoto wa fundi wa rangi wa Kangemi kuwa mgeni wa watu, na watoto wa huko watagusa nywele zako na kukucheka ukisema vibaya. Waache wacheke. Ukiogopa mbele yao, hutakuwa umeharibu kazi. Na siku utakapokaa kwenye benchi lao, pengine kuna Ayuma wa huko ambaye atajua mahali maji yalipo.

Mmesema ile ndege hutua mara mbili kwa mwezi, na simu hakuna. Kanisa litangoja barua yako ya maombi, Mchungaji ataisoma baada ya matangazo, na utajaribiwa kuandika kwamba kila kitu ni chema, watoto wanaimba na Bwana anatenda. Yakiwa kweli, andika, nasi tutafurahi. Ila usipake rangi penye unyevu. Hawa wa kanisani ni watu wazima, wanaweza kuombea mtu anayeumwa. Hatukuwahi kuwapa nafasi hiyo kwa mama yako, na ninaamini walinyang'anywa kitu. Na ile barua utakayoniandikia mimi, hata ikiwa mstari mmoja kama ombi lake, inatosha. "Baba, leo ni mbaya." Nitajua nifanye nini na mstari huo. Mimi nami nitakuandikia hivyo hivyo. Hutasoma tena "tunaendelea vizuri" kutoka nyumba hii, labda kama kweli tunaendelea vizuri, ambayo pia hutokea. Ile mbegu ya sukuma wiki imeota, kwa mfano.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelizunguka kama mtu anayepaka pembe zote akiacha katikati.

Ukiamka kesho ukaona huwezi kwenda, usiende. Nimelifikiria hili siku nne na sijakurupuka. Mimi mwenyewe nitamwambia Mchungaji, mimi mwenyewe nitaenda kwa watu wa misheni, na begi tutalifungua hapa mezani tuile hiyo omena. Mungu hana upungufu wa njia za kufika Sudan. Chai itakuwa ile ile, sufuria ile ile. Na ule ubao mweusi niliokupakia ukutani nyuma ya jikoni ulipokuwa na miaka sita bado uko, ingawa umepasuka. Unakumbuka? Mama yako alikuletea vipande vya chaki mfukoni mwa aproni yake, ukawafundisha ndoo tatu na kuku mmoja, na kuku ndiye aliyekuwa anachelewa. Ulimwuliza mama, "Kuku akikataa kusoma, nimpige?" Akakwambia, "Muulize kwanza ana nini." Mwalimu ulikuwa tangu hapo, na mwalimu utakuwa ukienda au ukibaki.

Na ukienda, nenda ukiwa na uoga wako mkononi, wazi, kama abiria anayeonyesha tikiti. Usiufiche chini ya kitanda. Mama yako alijaribu, na beseni lilikuwa zito kwake. Mungu ambaye alimsikia akisema leo ni mbaya atakusikia huko pia, na hakuna kilo zinazopimwa kwa hayo.

Kesho katika ibada ya kukuaga wamenipa dakika mbili za kusema kwa niaba ya wazazi. Mara mbili maishani nimeshika kile kipaza sauti nikasema habari za mtu kabla ya kumwuliza. Safari hii nimeandika nitakayosema, na nakuuliza kwanza. Nimeacha pengo mahali pamoja, kwa sababu neno la hapo si langu.

Nasikia lango. Ni nyinyi. Akinyi anasema, "Lakini vile vya visigino vilikutoa poa," na wewe unasema, "Nyamaza, mzee atasikia." Mzee amesikia. Naacha barua hii juu ya redio, na kalamu yako nyekundu iko kando yake. Isome ukiwa peke yako. Katika hayo maneno yangu ya kesho hapa chini, futa usilolipenda, ongeza niliyosahau, kisha uirudishe pale pale. Nitaichukua asubuhi kabla ya kanisa, na chochote nitakachokikuta ndicho nitakachosoma.

*Bwana asifiwe. Mwezi uliopita nilisimama hapa nikasema binti yangu haogopi kitu. Sikuwa nimemwuliza. Sasa nimemwuliza. Binti yangu ........................... Mimi baba yake naogopa, nami namwamini Mungu, yote mawili siku moja. Tuombeeni. Amina.*

Jaza pengo, mwalimu.

Baba